Koti la Studio

Watu wa Tunduma wa rika langu, wanaume kwa wanawake, tumewahi kuvaa koti moja. Fungua kabati lolote la zamani, toa leseni ya udereva, kitambulisho cha kazi au kibali cha kuvukia mpaka, utaliona: koti la kijivu, kola pana, kifungo cha juu kikubwa kuliko wenzake kwa sababu kile cha asili kilipotea. Dereva wa lori amelivaa, mchungaji amelivaa, wabadilisha fedha wa pale njia ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, wote wamelivaa. Mimi nililivaa juu ya gauni la maua nilipokuwa bibi harusi mgeni kutoka Singida, likaninukia sabuni ya kipande na jasho la watu nisiowajua. Lilikuwa koti la Mpiga Picha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tangu nilipofungua duka la vitenge mpaka alipofunga studio yake.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu yeye mwenyewe hakulitumia; mji mzima ulimwita Mpiga Picha, hata mke wake akiwa amekasirika. Mambo ya kuzaliwa na ukoo waulizeni wanaoyapenda. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama cha watu wa milimani kule Ileje, na watu wa Mbebe ya huko huko wakija mjini walipita kumsalimu kwa kilugha, basi nami niliishia hapo. Mji wa mpakani una adabu yake: mtu anaulizwa anauza nini, haulizwi ametoka wapi.

Ninaandika kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuwasikia watoto wa leo, waliomwona kwenye simu tu, wakisema alikuwa mzee chizi aliyechukia maendeleo. Hakuwa chizi, na simu hakuzichukia. Alichukia kitu kimoja, nami nitakieleza taratibu ili asitokee mtu wa kusema hakunielewa.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege wakubwa kuliko miti. Pembeni palikuwa na beseni la maji safi, kitana, kopo la mafuta ya mgando, kioo chenye ufa, na koti lile kwenye msumari. Ukiingia hakukupiga picha. Alikuambia, "Jiweke sawa," kisha akatoka nje kunywa chai, akakuacha wewe na kioo. Watu wenye haraka waliumia sana. Kuna mkubwa mmoja wa serikali aliyeacha gari linanguruma nje, akasema hana muda wa kuchana nywele. Mpiga Picha akamwambia basi arudi siku atakayokuwa nao. Yule bwana alitukana, akaondoka, na kesho yake akarudi mwenyewe kwa miguu, kichwa kimechanwa vizuri.

Tukiwa barazani, tukikwepa vumbi la malori, nilimuuliza kwa nini anawasumbua watu hivyo. Akasema mtu akipigwa picha kabla hajajiweka sawa ameibiwa, hata picha ikitoka nzuri. Alisema hivyo akipuliza chai, kama mtu anayeeleza bei ya mchele, nami wakati ule nilicheka.

Asije mtu akadhani namchora malaika. Alikuwa bahili, chai niliyokunywa kwake kwa miaka yote haijazi birika. Alikuwa mmbeya wa kutosha, na masikio ya watu yalimchekesha, akija dukani kwangu ananong'ona kwamba leo amepiga masikio yanayoweza kufunika kikombe. Mpinzani wake akishonesha pazia jipya, yeye halali. Kanisani aliimba besi na aligombana na kwaya nzima. Na kulikuwa na jambo ambalo mimi, Mwislamu, lilinitatiza zaidi: aliitwa misibani kupiga picha za marehemu ndani ya majeneza yao, na alikwenda. Nikamwambia, wewe unayejidai kuheshimu watu, maiti amejiweka sawa saa ngapi? Akanijibu kwamba ndugu zake wamemwosha, wamemvalisha, wamemchana, na wamesimama pembeni yake wanalia. Huyo, akasema, amewekwa sawa kuliko sisi wote. Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani, lakini nilijua mstari wake unapita wapi.

Niliujua zaidi siku lori lilipopinduka pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Watu walitoka mjini kwa baiskeli kwenda kutazama, wengine na vikapu, maana lilibeba sukari. Dereva alikuwa amebanwa ndani, bado hai, analia. Mpiga Picha aliombwa na wenye lori aende awapigie picha kwa ajili ya bima. Alirudi na picha za tairi, za barabara, za alama za breki, za ubavu wa lori. Wakamuuliza, na dereva? Akasema bima inalipa lori. Baadaye niliambiwa na watu waliokuwepo kwamba kwanza aliweka kamera chini, akaingia mtaroni na wenzake kuinua bati, na tairi alilipiga picha dereva alipokwisha kuondolewa.

Sasa nije kwenye picha ya ubaoni, ambayo ndiyo iliyomgombanisha na mji.

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Walimkamata kijana mmoja kwenye foleni ya malori, wakasema amefungua na kuiba kioo cha pembeni cha lori la kwenda Kongo. Sijui kama alikifungua. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Walimpiga kutoka barabarani mpaka mbele ya maduka yetu, shati likaisha, uso ukavimba, na kina mama waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama na mizigo yao kichwani. Kisha mmoja wa waliokuwa wakimpiga akapata wazo kwamba wapige naye picha ya ukumbusho, kama watu waliomwangusha nguruwe pori. Wakaanza kuita, "Mpiga Picha, lete mashine!" Na baadhi yao, wallahi nawaona mpaka leo, walikuwa wanajifuta mikono na kujipangusa vumbi. Walijua masharti yake.

Akatoka na kamera shingoni, beseni la maji mkononi, koti begani. Alipopita mlangoni kwangu hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Mama Rehema, kituoni." Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia kwenda kuwaita askari. Kilichofuata nilisimuliwa na mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni pa studio, na mama yule hakuwa mtu wa kutia chumvi.

"Simpigi picha mtu hajajiweka sawa," aliwaambia. "Mnanijua."

Walimjua kweli. Wote walikuwa wamekaa kwenye kigoda chake wakasubiri, wao na baba zao, na mazoea ni kitu kikubwa. Wakampisha. Akaleta kigoda, akamketisha yule kijana, akamwosha uso polepole, akabadilisha maji, akamwosha tena. Akamchana. Akamvalisha koti, akafunga vifungo vyote mpaka kile kikubwa. Akamuuliza jina lake kwa sauti ya kusikika, kijana akalitaja, na watu waliokuwa wakimwita mwizi wakasikia kwamba ana jina. Kisha akawageukia wao. Warefu nyuma, wafupi mbele. Wewe wa pembeni unakatika, sogea. Mwenye jiwe asilifiche, ashike kama alivyokuwa ameshika. Wakajipanga! Wakajipanga kama ukoo wa bwana harusi. Mpiga Picha akasimama kati yao na kijana, mgongo wake kwa kijana, kamera kwao, akabonyeza, akasogeza mkanda wa filamu, akabonyeza tena. Walipoanza kuulizana mbona mwizi yuko nyuma ya kamera, mimi na askari tulikuwa tumeshakata kona.

Kijana alipelekwa hospitali na koti mwilini, akapona. Mama yake ndiye aliyelirudisha, limefuliwa na kukunjwa, likabaki na doa la kahawia kwenye kola.

Picha za rangi zilipelekwa Mbeya kusafishwa. Ile ya kundi iliporudi, ilikuwa imekuzwa. Pale nje alikuwa na ubao wenye kioo, aliotundika maharusi na watoto wa ubatizo ili kuvuta wateja. Akawatoa wote, akaiweka ile peke yake. Siku ya kwanza watu walisongamana kwa furaha, kila mtu anajitafuta. Wa kwanza kucheka alijiona ameshika tofali, amekenua meno. Kicheko kikapungua. Kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na muuza nyama, kulikuwa na mwanamke amembeba mtoto mabegani ili aone vizuri. Kijana aliyepigwa hakuwemo. Zilikuwemo nyuso tu, zimejipanga, zinatazama mbele, na mtu asiyejua angefikiri ni watu wa sherehe mpaka aone mikono yao.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wazee wenzake. Nilikuwa barazani, nilisikia.

"Toa picha hiyo," alisema. "Unaudhalilisha mtaa."

"Naitoa, Mwenyekiti. Kila aliyemo aje mwenyewe, aweke kidole, aseme huyu ni mimi. Wakiisha wote, naitoa."

Mwenyekiti alisogea kwenye kioo. Alikuwemo, mstari wa warefu, anatabasamu kidogo, mikono mfukoni. Alitazama muda mrefu, akavaa kofia yake, akaondoka, na wazee wakamfuata bila kuaga.

Basi mji ukamsusa. Studio mpya ilifunguliwa karibu na stendi, watu wakahamia huko. Waliobaki walikataa koti kwa sababu ya lile doa. Wakamshauri anunue jingine, akakataa. Alisema koti ni lile lile na shingo ni zile zile. Usiku mmoja jiwe likavunja kioo cha ubao. Asubuhi akafagia vipande akairudisha picha mahali pake, bila kioo. Mke wake alikuwa akikaanga vitumbua ili nyumba iende, na siku moja alimwambia mbele yangu, "Unawafunza adabu watu wanaotulisha." Alikuwa na haki yule mama, nami nilimwambia mumewe hivyo waziwazi. Hakubisha. Alichukua kamera yake akavuka kwenda Nakonde kuwapiga picha Wazambia, ambao hawakuwemo ubaoni, na huko walimpenda, wakamwita bashikulu, babu, ingawa mvi zilikuwa bado hazijamjaa. Jioni alirudi na unga. Picha haikutoka.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa muuza dagaa, yule mwenye mtoto mabegani. Alikuja mchana watu wakiona, akaweka kidole. "Huyu ni mimi. Na huyu ni mwanangu, nilimbeba aone. Tangu siku ile anaota anapiga kelele." Mpiga Picha hakumhubiria. Alikata vipande vya karatasi nyeupe, akabandika juu ya uso wa mama na uso wa mtoto, na bahili yule, Mungu ni shahidi, akamwagizia chai na maandazi. Baada ya hapo wakaja wengine mmoja mmoja. Muuza nyama alikuja. Mwalimu alikuja akiwa amechelewa sana. Wengi hawakuja kamwe. Walilisubiri jua, na jua liliwafanyia kazi hiyo, likazifuta sura mpaka zikawa madoa ya njano. Mwenyekiti alifutwa na jua. Lakini mji mzima ulijua nani alisimama wapi.

Simu za kupiga picha zilipofika, watu walidhani atazilaani. Kumbe alifurahi kama mtoto. Alimwomba binti yangu Rehema amfundishe, akampiga mke wake picha akimenya viazi, baada ya kumwambia ajiweke sawa, naye mama akaenda kuvaa hereni. Mzee alikuwa akiitazama picha hiyo kila akija dukani kwangu. Ugomvi wake ulianza siku alipopita kijiwe cha bodaboda akawakuta vijana wameinamia simu moja. Ilikuwa video ya ajali, mtu anakufa barabarani, na aliyerekodi alikuwa akimzunguka ili apate upande mzuri. Mpiga Picha aliitazama mpaka mwisho. Akawauliza, "Huyu aliyeshika simu ana mikono miwili. Mmoja umeshika simu. Wa pili ulikuwa unafanya nini?" Vijana wakacheka, wakasema mzee anazingua. Alikuja kwangu, na siku hiyo hata umbeya hakuwa nao.

Rehema alimbishia, maana ni mtoto wa kusoma na hana woga. Alimwambia bila ushahidi watu watakataa, watasema halikutokea. Mpiga Picha akamjibu, "Sawa, mwanangu. Basi piga picha wanaopiga. Hao ndio watakaokataa. Aliyepigwa hawezi kukataa."

Kufikia hapo studio ilikuwa imefungwa. Picha za vitambulisho zilipigwa kwa mashine ofisini, mikanda haikuuzwa tena Tunduma nzima, na chumba chake kilikuwa duka la makava ya simu. Ubao mtupu uliingizwa stoo kwangu. Yeye alikaa Mpemba, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na alikuwa akija mjini kwa bodaboda kunywa chai yangu. Koti alilivaa mwenyewe, kwa baridi. Kamera ilining'inia shingoni kwa mazoea tu, kama wengine wanavyovaa saa iliyosimama.

Asubuhi moja, tukinywa chai barazani, tulisikia kelele upande wa soko. Walikuwa wamemkamata mama mmoja mchuuzi, wakasema ameficha doti za vitenge za wizi chini ya khanga zake. Vitenge havikuwa vyangu, na hata vingekuwa vyangu nisingesema tofauti. Walimchania nguo. Alikuwa amekaa chini, amejikunja, anajifunika kwa mikono, na kila alipofunika huku pakaonekana kule. Waliompiga walikuwa wachache. Wengine wote walikuwa wameinua simu juu ya vichwa vya wenzao, kimya, kwa utulivu wa watu walio kazini. Mama yule hakuwa akiomba wasimpige. Alikuwa akisema, "Wanangu wataona. Wanangu wataona."

Mpiga Picha aliweka kikombe chini akaingia katikati. Sijui alipenyaje na jicho lake moja. Alivua koti, akamfunika yule mama, akamfunga kifungo cha juu. Kisha akasimama mbele yake, fulana yake ya ndani imetoboka kwapani, akainua kamera, akaanza kuwapanga.

"Warefu nyuma," alisema. "Wewe wa simu nyekundu, usikatike."

Nitasema nilichokiona, kwa macho yangu. Watu wazima waligeuka kwanza. Muuza nyama, ambaye sasa ni babu, alimshika mjukuu wake mkono akampokonya simu. Wanawake wakajifunika nyuso kwa khanga. Walikuwa wanaijua ile kamera, wanajua ilikuwa na ubao. Simu zikaanza kushuka. Vijana hawakujua kitu, lakini waliona baba zao wanakimbia chombo cha zamani, wakaingiwa na wasiwasi. Mmoja akajitia ushujaa, akauliza, "Mzee, hiyo kamera inapiga kweli?"

"Jiweke sawa," akamwambia. "Utajiona."

Kijana akarudi nyuma. Mimi na muuza dagaa tulimwinua yule mama tukamwingiza dukani kwangu, nikafunga mlango. Nilimpa kitenge, akanywa maji, na aliondoka jioni kwa mlango wa nyuma akiwa bado amevaa koti. Halikurudi, nami sikulitafuta.

Kamera haikuwa na mkanda. Nilijua mimi, na alijua yeye.

Video ilisambaa, ndiyo, ile iliyoanzia pale koti lilipokwisha kufungwa. Ilifika mpaka kwa ndugu zangu Singida: mzee amevaa fulana mbovu anawapanga watu kama anaota, na vicheko nyuma. Ndiyo hiyo watoto wanayomwitia chizi. Nilikwenda Mpemba kumwona wiki hizo, nikiwa na sukari na hasira. Alikuwa kitandani, kifua kinambana, na jicho la pili nalo lilikuwa limeanza kufunga. Mke wake akanisogezea kigoda. Sikutaka kulitaja, yeye akalitaja.

"Nasikia nimo kwenye simu."

"Umo, Mzee."

"Yule mama anaonekana?"

Nilikuwa nimeitazama mara nyingi, kwa kuogopa hilo hilo. "Haonekani. Umemziba. Anaonekana mguu kidogo na pindo la koti."

Alifumba macho. Kisha akajishika kola ya fulana, akaivuta ikae vizuri shingoni, kama mtu aliye mbele ya kioo.

"Na mimi nimetokaje?"

"Umetoka vizuri," nilimwambia. "Ila hukuchana nywele."

Alicheka mpaka akakohoa, na mke wake akaniambia nimwache apumzike. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Tulipotoka kumzika nilimwambia Rehema anitolee picha kwenye ile video, pale aliyerekodi alipozunguka pembeni, mzee ameinua kamera na kundi lote liko mbele yake. Ilitoka na ukungu, lakini nyuso zinasomeka. Nilitoa ubao stoo, nikaupiga vumbi, nikaitundika mlangoni pa duka langu la vitenge. Wamekuja kuniambia niitoe, wengine kwa upole, wengine kwa vitisho, na mmoja akasema wateja watanikimbia. Ipo mpaka leo. Anayetaka niitoe aje mchana, aweke kidole, aseme huyu ni mimi. Karatasi nyeupe ninayo, na chai nitamwagizia.